Tairi "jipya" lililozeekea dukani na amana ya mwenye kujua

  

Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya maneno haya niliyasema juu ya mimbari hapa Somanda, mjini Bariadi, Ijumaa ya Julai 4, 2025, mwanzoni mwa Muharram mwaka 1447. Baadhi ya waliokuwepo wameniomba niyaandike ili yawafikie na wengine. Nimekubali, ingawa si jambo jepesi kwangu, kwa sababu katika kesi nitakayoieleza mimi si hakimu wala si shahidi. Ni miongoni mwa washtakiwa.

Siku sita kabla ya Ijumaa hiyo, yaani Jumamosi ya Juni 28, basi kubwa na basi dogo yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, yakawaka moto. Taarifa za awali zilitaja watu 38 kuwa wamefariki, wengi wao wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa ya Ikulu ilieleza kuwa tairi la basi moja lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu gari. Silitaji tukio hili ili kumtuhumu mwenye basi lile au aliyemuuzia tairi. Tairi huweza kupasuka kwa msumari, kwa upepo mdogo, kwa mzigo uliozidi, kwa shimo la barabarani. Nalitaja kwa sababu habari ile ilipotufikia tukiwa barazani mwa msikiti baada ya Isha, mzee mmoja alishika kichwa akasema: "Tairi moja tu, jamani!" Palepale mimi na ndugu yangu mmoja, mfanyabiashara, tukatazamana. Yeye akainamisha macho, na mimi nikainamisha.

Sababu ya kutazamana kwetu ni hii.

Julai ya mwaka 2024, msimu wa pamba ukiwa umechanganya, kijana mmoja wa jamaa yetu alinijia. Mama yake alikuwa ameuza pamba, yeye akaongezea fedha za ng'ombe wawili, wakanunua Hiace kuukuu ya kubeba abiria kati ya Bariadi na Lamadi. Gari lilikuja na matairi yaliyokwisha, kipara kabisa. Kijana akasema: "Ustadhi, twende wote dukani. Mimi watanizidi ujanja, wewe mtu mzima na unafahamiana nao." Alijua pia kwamba mimi, kabla Allah (SW) hajanijaalia kukaa na juzuu, nilikaa miaka mingi na pampu, nikiziba pancha kando ya barabara.

Tukaenda kwa yule ndugu yangu. Nitamwita Haji kwa kuwa ameshahiji; jina lake silitaji. Akatoa matairi manne kutoka stoo, akayapangusa vumbi, akayapaka ile dawa ya kung'arisha, yakawa meusi ya kumeremeta. Vinyweleo vya mpira bado vilikuwepo, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa. Akasema: "Mapya kabisa haya, hayajakanyaga lami hata siku moja." Na alisema kweli. Hayakuwa yamekanyaga lami. Kijana akanigeukia: "Ustadhi, unasemaje?"

Nilikuwa nimeshainama. Mkono wa fundi hausahau. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. Zilisomeka 2217. Maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2017. Tairi lile lilitengenezwa karibu na mwezi wa Juni 2017, na sasa tuko Julai 2024. Miaka saba. Na stoo ile naijua, ni chumba cha mabati kisicho na dari, na matairi yalikuwa yamelundikwa moja juu ya jingine kama magunia. Jua la Simiyu mnalijua.

Nikasema: "Mazuri."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza usiku mwingi. Haji ndiye aliyetoa bati za madrasa yetu. Haji ndiye hutoa tende kila Ramadhani. Nikasema moyoni, nikimwaibisha leo mbele ya mteja, kesho nitamwendea na uso gani? Kisha tulipotoka akanishikisha elfu kumi, akasema ni ya soda. Nikaipokea. Kijana akalipa matairi manne, laki moja na themanini kila moja, akaenda zake akiniombea dua.

Desemba ya mwaka huohuo, mchana wa jua kali, gari likiwa limeshapita Dutwa kuelekea Lamadi, tairi la nyuma kushoto likaachia. Halikupasuka kwa msumari. Ule mpira wa juu wenye meno ulibanduka kama ganda la muwa, ukapiga bodi, gari likayumba na kulalia ubavu mtaroni. Alhamdulillah hakufa mtu. Lakini mama mmoja muuza dagaa alivunjika mkono mahali pawili, na mpaka leo hainui ndoo. Gari likawa chuma chakavu. Watu wakasema mengi. Wapo waliosema ni kazi ya Mungu. Wapo waliosema kijana ametupiwa jicho baya kwa kununua gari akiwa mdogo, na mama yake akatumia fedha nyingine kwa waganga. Mimi nilikwenda kumpa pole, nikaliona lile tairi limelala uani kwao, tarakimu zake zikinitazama, nikasema: "Ni qadar, mwanangu, subiri." Nikaondoka. Ukitaka kujua namna dini inavyoweza kutumiwa kama blanketi la kufunikia dhulma, huo ndio mfano wake, na aliyelifunika ni mimi.

Sasa tuingie katika mambo yenyewe, kwa kuwa wengi hawajui kwamba tairi lisilotumika nalo huzeeka. Mtu huona meno yamejaa akadhani lina uhai kamili. Mpira ni kitu kinachopambana na hewa. Oksijeni huingia ndani yake kidogo kidogo, ukawa mgumu, ukapoteza ule unyumbufu, na gundi inayoshikanisha mpira na nyaya za chuma zilizomo ndani ikalegea. Joto huharakisha jambo hili sana. Viwandani huchanganya dawa na nta za kulinda mpira, lakini nta hiyo hutoka na kuenea juu ya tairi wakati tairi linapozunguka na kukunjikakunjika barabarani. Tairi lililolala halipati kinga hiyo kama inavyotakiwa. Ndiyo maana gari lililoegeshwa miaka mingi huwa na matairi yenye nyufa nyembamba ubavuni, na ndiyo maana spea iliyokaa uvunguni mwa gari tangu lilipotoka Japan yaweza kuwa ndiyo tairi la hatari kuliko yote manne yaliyo chini.

Lakini tusizidishe mambo, maana kuzidisha nako ni uongo. Tairi la mwaka mmoja, miwili au mitatu lililohifadhiwa mahali pa baridi, pakavu, pasipo jua, hao wenye viwanda wenyewe hulihesabu kuwa ni jipya. Nchi yetu iliwahi kuwa na kiwanda chake, General Tyre cha Arusha. Tangu kiliposimama uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, tairi la gari la mtu wa Somanda husafiri bahari nzima, likae bandarini, likae ghala la jumla Dar es Salaam au Mwanza, ndipo lije huku kwetu kwenye lori. Hivyo kulikuta na mwaka mmoja au miwili si ajabu na si kasoro ya kumgombeza mtu. Ama ukomo, baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita hata kama meno yapo. Kampuni kama Michelin husema tairi lililotumika miaka mitano likaguliwe na mjuzi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe, liwe limetembea au la. Hayo ni maneno ya wanaoishi kwa kuuza matairi katika nchi za baridi. Sisi na mabati yetu tujipime.

Wenzetu Uingereza walijifunza kwa machozi. Septemba 2012 basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki liliacha njia katika barabara ya A3, karibu na Hindhead, na watu watatu wakafa akiwemo dereva. Uchunguzi ukakuta tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, yaani lilikuwa kubwa kwa umri kuliko basi lenyewe. Meno yake kisheria yalikuwa yanatosha. Mama wa mmoja wa marehemu hakukubali kuambiwa ni bahati mbaya, akahangaika miaka na miaka, mpaka kuanzia Februari 2021 nchi ile ikapiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na katika magurudumu yote yasiyo ya pacha ya mabasi madogo. Mama yule si Muislamu, lakini alikataa jambo ambalo sisi wenye Qur'an tunalikubali kirahisi, la kumbebesha Mwenyezi Mungu makosa ya mikono ya watu.

Turudi katika dini yetu. Yako mafundisho mashuhuri ya Mtume (SAW), kama alivyopokea Imam Muslim kwa njia ya Abu Huraira (RA), kwamba alipita sokoni akakuta rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikarudi na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa mvua imeinyeshea. Mtume (SAW) akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayupo pamoja naye. Tazama, ndugu yangu. Mvua haikuletwa na yule muuzaji. Unyevu ule ulikuwa qadar kama unavyotaka kuuita. Hakulaumiwa kwa mvua, amelaumiwa kwa kuweka kavu juu na mbichi chini. Vivyo hivyo Haji hakulaumiwa kwa tairi kuzeeka. Alilaumiwa kwa dawa ya kung'arisha.

Lakini kisa kilichonivunja mimi ni kingine, nacho ni cha Wathila bin al-Asqa' (RA), miongoni mwa wale masikini wa Suffa waliolala msikitini kwa Mtume (SAW). Kimepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, na Imam Ghazali amekitaja katika Ihya. Mtu aliuziwa ngamia jike, akaondoka naye. Wathila, ambaye hakuwa muuzaji wala mnunuzi, akamkimbilia mpaka akamfikia, akamuuliza ngamia yule amemnunua wa kuchinja au wa kusafiria. Mtu akajibu anamtaka wa safari. Wathila akamwambia basi ajue kwamba katika kwato zake mna tundu ambalo yeye ameliona, na mnyama huyo hatastahimili mwendo. Mnunuzi akarudi dukani, kama tungesema leo. Mwenye ngamia akamjia juu Wathila kwa nini amemharibia biashara. Naye akamjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume (SAW), kwamba si halali kwa mtu kuuza kitu mpaka aeleze kilichomo, na si halali kwa yule anayeijua kasoro hiyo kunyamaza asiiseme.

Ndugu Waislamu, ngamia ni gari la wakati ule, na kwato ndiyo tairi lake. Na tazama hukumu ilivyogawanywa mara mbili, sehemu ya muuzaji na sehemu ya mwenye kujua. Sisi tumezoea kuisoma ile ya kwanza na kuwapiga nayo wenye maduka. Hii ya pili inamhusu fundi wa gereji anayepeleka mteja dukani ili alipwe cha juu, inamhusu dalali, inamhusu utingo anayeona na kunyamaza, na inamhusu ustadhi aliyepewa elfu kumi ya soda.

Wapo watakaosema, mbona umri umeandikwa ubavuni, anayetaka si asome? Hoja hii niliisikia kwa Haji mwenyewe, na kwa muda nilijituliza nayo. Jibu ni kwamba kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua mnunuzi hakijaandikwa. Mkulima wa Itilima au Meatu anaona tarakimu kumi ubavuni mwa tairi, saizi, uzito, upepo, kasi. Atajuaje kwamba nne za mwisho ni wiki na mwaka? Isitoshe mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi. Fundi akilifunga upande huo ukiwa ndani, mpaka uingie uvunguni na tochi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni ile inayopunguza thamani ya kitu katika ada za wafanyabiashara, au inayoondoa lengo sahihi la kukinunua. Waulize wafanyabiashara wenyewe: ukiwawekea tairi la mwaka huu na la miaka saba, bei moja, watachukua lipi? Jibu lao ndilo dalili kwamba umri ni kasoro, kwani wao wenyewe wanapokwenda kununua kwa jumla husoma tarakimu zilezile wanazotaka mteja asizione.

Na lile neno linalogongwa muhuri kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi"? Katika fiqh yetu, muuzaji aliyeijua kasoro akaificha hasalimiki kwa kujivua dhima namna hiyo. Mnunuzi akiigundua ana hiari ya kurudisha na kuchukua fedha yake, mradi asichelewe bila udhuru. Na ikiwa kitu kimeshaharibika mkononi mwake, anadai arshi, yaani tofauti kati ya thamani ya kizima na thamani ya chenye kasoro. Kwa upande wa serikali, Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, imekuwa ikiwaeleza wafanyabiashara kwamba tangazo la namna hiyo halimwondolei mlaji haki zake. Sheria na sharia zimekutana hapa. Ama fidia ya mkono wa yule mama, hilo lina mlango wake kwa mashekhe na mahakamani, sitaki kulitolea fatwa katika ukurasa wa gazeti.

Kuna jambo jingine niliambiwa kwa sauti ya chini, nalo ni baya kuliko yote. Kwamba hadithi zinazungumzia Muislamu kumuuzia nduguye, na wateja wengi hapa Bariadi si Waislamu. Subhanallah! Waliokuwa ndani ya Hiace ile walikuwa na dini zao tofauti, na tairi halikumuuliza mtu. Qur'an imetusimulia watu wa Madyan walivyoangamizwa, na Nabii Shuaib (AS) alikuwa akiwakataza kupunja vipimo na vitu vya watu, watu wote, si wa kabila fulani. Uaminifu wa wafanyabiashara ndio ulioingiza Uislamu katika sehemu nyingi za bara hili, na huku kwetu Usukumani pia dini ilifika kwa watu wa misafara na maduka kabla ya kufika kwa wahubiri. Leo mteja wa Kisukuma akisema "nenda kwa Waislamu ukapigwe", tumeharibu kazi ya wazee wetu kwa bei ya tairi nne.

Tena yupo atakayesema hali ni ngumu, mtaji umelala, matairi arobaini yakitupwa mtu anafilisika. Hapa ndipo nilipomkumbusha Haji kisa cha Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo kule Kufa. Alimpa mshirika wake bidhaa, akamtaka amweleze mnunuzi kasoro ya nguo moja. Mshirika akasahau, akauza zote, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa akaitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Nguo yenye kasoro haivunji mkono wa mtu. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah (SW) ametukataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana, na katika aya hiyohiyo, bila hata kuhamia nyingine, akatukataza kujiua. Nimeisoma aya hii tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza kwa nini makatazo hayo mawili yamekaa pamoja, mpaka nilipoliona tairi lile uani kwa kijana.

Basi ilikuwaje baada ya khutba? Niliyasema haya yote mbele za watu, bila kumtaja Haji, nikijitaja mimi. Nikatoa elfu kumi ile, si ileile bali mfano wake, nikasema ni ya matibabu ya mama muuza dagaa, nami nitaongeza kila mwezi kwa kadiri ya uwezo wangu mpaka tuone mkono umefikia wapi. Haji alitoka kabla ya sunna. Nilidhani nimempoteza. Siku mbili hakuonekana msikitini, na mtu mmoja wa kamati akanijia kunikumbusha ni nani aliyetoa bati za madrasa, kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Usiku wa tatu akabisha hodi kwangu akiwa na tochi. Hakutoa salamu ndefu. Akasema: "Ustadhi, umeniharibia biashara." Kisha akanyamaza, na nadhani sote wawili tulikisikia kile kisa cha ngamia katika maneno hayo. Akasema: "Twende stoo ukanisomee."

Tulikaa mle mpaka karibu na usiku wa manane, mimi nikisoma, yeye akiandika kwa chaki nyeupe juu ya kila tairi, mwaka kwa tarakimu kubwa ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza angezisoma. Yapo yaliyokuwa ya mwaka 2023 na 2024, hayo tukayaweka mbele. Yapo ya 2020, akasema atayapunguzia bei na kueleza. Yaliyobaki, ya 2016 na 2017 na moja la 2014 ambalo hata yeye alishangaa lilitoka wapi, tukayatupa kona ya nyuma. Nikamwambia hayo nayo yana soko. Wasukuma hawa kila mji una mkokoteni wa ng'ombe, na mkokoteni hauendi kilomita themanini kwa saa na abiria kumi na wanane ndani. Akacheka kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo, mtu akiingia dukani pale kuuliza tairi, kitu cha kwanza anachoulizwa ni: "La gari au la mkokoteni?" Na anayetaka la gari huonyeshwa chaki kabla ya kuonyeshwa bei. Hasara ameipata, sikufichi. Wateja wengine wameona chaki wakaenda duka la pili, ambako matairi hayana chaki na yanameremeta.

Kwa kijana tulikwenda wote wawili. Haji alibeba fedha ya matairi manne yote, akasema hataki arshi wala hesabu, achukue yote, na la gari watazungumza taratibu mbele ya wazee. Mama yake alipokea kwa mikono miwili, akalia. Kijana alikuwa amekaa juu ya lile tairi lililobanduka, anachonga yebo kwa kisu kutoka kwenye kipande chake. Alisikiliza mpaka mwisho. Haji akamwomba msamaha, akamwambia: "Mzee wangu, wewe ni mfanyabiashara, nimekusamehe." Nilipomwomba mimi, aliniangalia kwa muda, akarudi kwenye kisu chake.

Ijumaa zote tangu hapo anaswali safu ya nyuma, na hutoka kabla sijateremka mimbarini.